Ufunguo wa Sanduku la Baba

Sanduku la posta ni la marehemu baba,
safu ya chini kabisa, Moshi mjini,
mlango wake mdogo umekaza kama mdomo wa mdaiwa.
Lazima uchuchumae, upulize vumbi,
uzungushe ufunguo nusu, urudishe, uzungushe tena.
Leo: bili ya maji. Bahasha ya sadaka ya mavuno.
Na nyumba ya nyigu, ya udongo, tupu.

Siku ya kumi na tisa.

Nilianza na kadi tano, ndizo wanazoruhusiwa wageni wa mchezo huu.
Majina matano nisiyoweza kuyatamka,
nikayanakili herufi kwa herufi kama mtoto wa chekechea,
ulimi nje:
Ufini, Taiwani, Brazili, Polandi,
na mji mmoja wa Ujerumani wenye nukta mbili juu ya u,
nukta nilizozitia mwisho, pumzi nimeibana.
Ile ya Brazili niliijaza maneno mpaka pembeni
(mvua, bei ya maharage, ndoa ya mdogo wangu Ndeshi)
nikakosa pa kubandika stempu.
Ile ya Polandi nikaimalizia: Tafadhali jibu haraka.
Nikikumbuka naona haya peke yangu, jikoni, mwiko mkononi.

Maana mchezo wenyewe si wa nipe nikupe.
Unayemwandikia hakudai, wala wewe humdai.
Ni mwingine, usiyemjua, wa pembe nyingine ya dunia,
atakayepewa jina lako siku moja
akae mezani, atafute kalamu.
Hapo ndipo akili yangu ya biashara ilipogoma.
Mimi nauza zipu na vifungo Kiboriloni:
fedha mkononi, mali mkononi, kwaheri.

Siku ya ishirini na sita.
Namkunda wa dirisha la tatu ameshanizoea.
"Bado," anasema kabla sijafungua kinywa,
kwa sauti ya nesi mbele ya mgonjwa anayeulizia chakula.
Kaka anasema stempu zangu zinabanduliwa njiani.
Mama anasema subira yavuta heri.
Sawa, mama. Ila methali haisemi
inavuta kwa kamba ya urefu gani,
wala kama heri yenyewe imekaa mlimani au mtelemkoni.

Siku ya thelathini na moja sikwenda.
Siku ya thelathini na mbili nilikwenda mara mbili.

Baba alipopanda mibuni kule Kibosho
alipita kati ya mistari kila jioni, bila jembe, bila ndoo.
Mwaka wa kwanza, majani. Wa pili, majani.
Nilimwuliza anatazama nini.
"Natazama," alisema,
akaendelea kutazama.

Siku ya arobaini na tatu, simu ikatetemeka juu ya kaunta:
kadi ya Ufini imefika.
Bibi mmoja, Kaarina, ameibandika kwenye friji,
ile picha ya soko la Mbuyuni niliyoichora mwenyewe
maana madukani zote ni mlima, mlima, mlima,
na anauliza zile ndizi ndefu huliwa mbichi au hupikwa.
Nilisoma nimesimama. Mteja akangojea zipu yake.
Sikupata kitu, jamani. Sijapokea hata karatasi.
Mbona basi nilifunga duka
nikatembea kama mtu aliyelipwa?

Moja ikifika, unaruhusiwa nyingine.
Ya sita inaenda kwa kijana wa Ureno.
Sentensi tatu tu, hewa katikati yake:
Ndizi mshare hupikwa na nyama, taratibu.
Huku mvua imeanza.
Usiwe na haraka.
Nimemjibu swali ambalo hakuniuliza,
naye, nadhani, atalibeba vizuri.

Kitasa nimekitia tone la mafuta ya cherehani.
Nyumba ya nyigu nimeiacha palepale.
Sanduku: hakuna.
Nainuka, magoti yanalia, najongea dirisha la tatu.
Namkunda anashika muhuri, anaupuliza kidogo.
"Leo wapi?"