Mtungi wa Eteri

Mama aliandika wosia kwa penseli
nyuma ya kalenda ya duka la mbolea,
akapanda basi hadi Telavi
wakili aupige muhuri.

Nyumba: mimi, Vakhtang.
Mizabibu: Malkhaz, asiyeamka mapema.
Eteri, aoshaye wazee wa watu huko Bari:
mtungi.

Wakili alivua miwani. "Mtungi upi, bibi?"
"Uliozikwa."

Basi ndivyo ilivyo. Chini ya sakafu yangu
kuna shimo lisilo langu,
mtungi wa divai, lita elfu moja na nusu,
umefukiwa hadi shingoni tangu enzi za babu.
Ukiung'oa, unapasuka.
Ukiuacha, ni wa Eteri.

Nilinuna. Miaka miwili nilinuna.
Nikaupandishia magunia ya viazi,
nikasema, aje auchukue kwa mkoba.

Oktoba hii akaja. Hakubisha hodi;
nani hubisha hodi kwenye mali yake?
Akasogeza viazi, akakunja suruali,
akajipenyeza mtungini na brashi ya magome ya mcheri,
akawa anasugua,
sauti ikipanda kutoka ardhini
kama ya mama siku za kutukaripia:

"Malkhaz yuko wapi na zabibu?
Vakhtang! Maji ya moto!"

Nikachemsha maji.

Malkhaz alifika saa nne,
trekta imejaa, shavu lina mikunjo ya mto.

Hati ya kodi ya majengo bado huja kwa jina langu,
mita zote za mraba.
Shimo halikutajwa.