Ndugu Mshitakiwa

Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa.
Kilichonyamaziwa hakina mstari kwenye jalada.

Mahakama ya Mwanzo, Ujiji. Shauri namba kumi na saba.
Mshitakiwa: Bukuru binti Kasimu, miaka thelathini na miwili,
muuza mawese.
Kosa: kuchukua maiti ya kipindupindu
mikononi mwa serikali, usiku,
na kuiosha.

Mlalamikaji: Ntahondi, Bwana Afya wa kata.
Hakimu akauliza kama fomu inavyotaka:
Unamfahamu mshitakiwa?
"Ni mtoto wa dada yangu."
Na marehemu?
"Naye. Pacha wake.
Mimi ndiye niliyekimbia kumwita mkunga."
Nikaandika: *Anamfahamu.*

Ntahondi si mtu mbaya, na hilo nalo halina mstari.
Mwezi ule alizika arobaini na mmoja,
bomba la klorini mgongoni kama mpulizia pamba.
Alipofika kwa wa arobaini na mbili
akafungua zipu kidogo, akaona uso, akafunga.
Akasema: shimo lilelile, chokaa ileile.
Wangu nikimpa maji,
wa jirani nitamnyima kwa mdomo upi?

"Ndugu mshitakiwa," akaita hakimu,
na wote wawili wakainua macho.

Bukuru akasimama. Kanga yake ilikuwa na doa la mawese
lililokataa sabuni miaka mingi.
"Tumboni nilitangulia mimi.
Mama alisema nilitoka nimegeuza shingo,
kama mtu anayetazama kama mwenzake anakuja.
Butoyi alichelewa nusu saa, nikalia mpaka akafika.
Safari hii katangulia yeye.
Ningemwachaje aende na uchafu wake,
ndani ya nailoni, kama dagaa walioharibika?"

Mwanamke haoshi mwanamume.
"Wanaume waliogopa. Shehe aliswali akiwa ng'ambo ya barabara."

Amri uliijua?
"Niliijua. Ilibandikwa mlangoni kwetu.
Aliyeibandika alikuwa amekula kwetu muhogo asubuhi ile."
Nikaandika: *Aliijua.*

Maji uliyomwoshea, uliyamwaga wapi?

Hapo hata feni ilisikika.
"Nyuma ya nyumba. Penye mgomba."
Nyuma ya nyumba kuna mfereji,
na mfereji unapita kwa kina Zuwena kabla ya kushuka bondeni Luiche.
Siku ya nne, kwa kina Zuwena, mtoto wa miaka miwili.
Hakuna aliyethibitisha. Hakuna aliyekanusha.
Mama yake alikaa benchi la nyuma, viganja mapajani,
hakuulizwa, hakusema,
kwa hiyo hayumo.

Nami simo.
Baba yangu nilimwacha kwenye mfuko wao,
mwaka wa kipindupindu cha kabla ya hiki.
Nilisimama nyuma ya kamba niliyoonyeshwa.
Niliona kisigino chake kimeng'ang'ania zipu
na mtu wa glavu akikisukuma ndani.
Nilitii. Hakuna aliyenishitaki,
na sijui wa kumpelekea rufaa.

Hukumu: faini laki mbili, au miezi mitatu Bangwe.
Bukuru akafunga kanga upya, akanyoosha mikono,
kama mtu aliyekwisha kuaga kwake.

Mchana, benchi zikiwa tupu, Ntahondi akaja dirishani kwangu
na noti zilizokunjwa mara nne. Zilinuka klorini.
Akahesabu, akakosea, akahesabu tena.
Nje, Bukuru alikuwa karibu na askari, amempa mgongo.
Hakugeuza shingo.

Stakabadhi za serikali huja zimechapwa tayari:
*Imepokelewa kutoka kwa Ndugu,*
kisha vitone vya kujazia jina.

"Jina acha," akasema Ntahondi.
"Hilo lililochapwa linatosha."

Kanuni inataka jina.
Foleni ilianza kukohoa nyuma yake,
na kalamu yangu
ilikuwa bado juu ya vitone.