Gongo la Bawaba

Siku nilipomwambia mama
kwamba mwalimu Nalyoto amenipa gongo,
alinisogelea, akaninusa mdomo.
Hapa Newala, msimu wa mabibo,
neno hilo lina harufu yake.

Si lile, mama. Hili ni la mninga,
la mchezo wa besiboli,
limekatwa katikati kama muwa,
kisha fundi Mtipa akaliunga kwa bawaba
aliyoing'oa kwenye mlango wa ghala la korosho,
lile lililouzwa hadi mabati
mwaka ambao malipo ya pili hayakufika.

Kazi yake ni kukuumbua.
Ukitanguliza mikono, kichwa chake kinaanguka,
kinaning'inia begani kama kuku aliyechinjwa,
na darasa zima linaona.
Ukianzia chini, kisigino, goti, kiuno,
ukaiacha mikono ifuate
kama tela linavyofuata trekta,
gongo linanyooka lenyewe hewani
na bawaba inasema ta.
Mara moja tu. Ta.
Kama mlango uliofungwa na mtu asiye na ugomvi.

"Kiuno, Siwema! Kiuno!"
Bibi alikuwa anapita, ndoo kichwani,
akasimama.
Huyu mtu wa kuja
anatufundisha sisi kiuno?
Akaondoka akicheka, na maji
hayakumwagika hata tone.
Nikautazama mwendo wake, si mwalimu,
na jioni ile ndipo nilipopata ta ya kwanza.

Nilizihesabu kwa mkaa ukutani:
Jumatatu tatu, Jumanne hakuna,
Alhamisi saba, na malengelenge mawili.

Baba naye alikuwa na bawaba, magotini.
Gongo lile jingine lilimkunja
kila baada ya mnada.
Tulimwona tokea mbali, njia ya Luchindu,
anakunjika, ananyooka, anakunjika,
nasi tukajua usiku utakuwaje.

Usiku mmoja wa Novemba alitafuta cha kushika.
Mchi mama alikwishauficha.
Nyuma ya mlango mkono wake ukakuta mninga.
Alilinyanyua kwa mikono tu,
kwa hasira tu, bila miguu, bila kiuno,
vilevile tulivyokatazwa,
na kichwa kikaangukia nyuma ya mgongo wake,
kikaning'inia.

Akajaribu tena.
Kikaning'inia.

Hakuna aliyecheka.
Chilinda alikuwa chini ya kitanda,
mama amesimama na sufuria mkononi,
wali wa watu wanne ndani yake.
Baba akaligeuza gongo kwenye mwanga wa koroboi,
akaigusa bawaba kwa kidole gumba.
"Hii," akasema, "hii naijua.
Hii ya mlango wa ghala."
Miaka tisa aliufungua mlango ule alfajiri
kabla hawajamwambia asirudi.
Akakaa sakafuni.
Akawa anaifungua, anaifunga,
anaifungua, anaifunga,
hadi utambi ukaanza kujila wenyewe.

Sitasema aliacha kunywa. Hakuacha.
Juzi tu ameletwa na mkokoteni.
Lakini asubuhi ile niliikuta bawaba imepakwa mafuta,
na msumari uliokuwa ukichezacheza
umegongwa, umekaa.

Sasa nimepewa gongo zima, lisilokunjika.
Jumamosi tunacheza na Masasi.
Ni zito, linang'aa, halisemi kitu.
Nikilizungusha vibaya
linanyamaza tu, linakubali.
Hapo ndipo ninapoliogopa.