Mkasi Asiyekata

Saa nane na dakika
simu ya jeshi yafika:
"Kombora limegeuka,
linahesabu ghalani."

Mtu mwenye uhiana
kaingia humo jana,
nyaya kazifungishana,
akatorokea pwani.

Limelala kama papa
na taa yatapatapa,
pua ikilenga hapa:
sokoni, hadi chuoni.

Konde nzima ikahama,
mabibi wakilalama:
"Na wingu limesimama,
karafuu majamvini!"

Malori ya jeshi tele
yaziba huku na kule;
meja apiga kelele:
"Fundi wetu yu njiani?"

Kaja Sajini Mkasi,
pikipiki yenda kasi,
begi lake ni jepesi,
vumbi lajaa usoni.

"Dakika sita kamili!
Jina lako liwe kweli:
kata, Mkasi, ya pili,
ile nyekundu ya chini!"

Akazitazama nyaya
zilivyosukwa vibaya.
"Afande, nasema haya:
tukikata, kaburini.

Mama husuka ukili;
akikosa mara mbili
hakati, hana ukali,
hufumua kwa makini."

Kikosi kikanyamaza,
wawili wakaangaza,
ukucha akapenyeza,
jasho latona shingoni.

Uzi huu, kisha ule,
polepole, polepole…
saa ikakoma pale,
sekunde ya ishirini.

Nani aliyezisuka?
Hadi leo hatajika.
Huko pwani wamesaka:
kiatu tu, mchangani.

Meja hakupata neno,
kamshika tu mkono.
Kauliza: "Lile vuno
limelowa majamvini?"