Hatua Thelathini na Mbili

Walipong'oa herufi za lile duka kubwa la upande wa mashariki
ukuta ulibaki unalitaja jina lake:
weupe pale herufi zilipokuwa,
masizi ya miaka arobaini pembeni.
Tulipopita na gari baba alilisoma kwa sauti,
kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza.

Larkmoor, kusini mwa Winipegi,
kati ya barabara kuu na nyumba zinazofanana kama mayai.
Jengo lilianza kufa kwa viatu.
Duka la viatu, kisha la vitanda, kisha lile la fulana
ambalo hakuna aliyejua linaishije.
Chemchemi ikazimwa, ikafunikwa mbao,
juu ya mbao wakasimamisha mti wa plastiki.
La kuvunda halina ubani, walisema mkutanoni
wenye ramani na biskuti.
Hili lilikuwa nao: bisi za karameli,
harufu iliyoning'inia koridoni
mwaka mzima baada ya muuzaji kuhama.

Na asubuhi za Januari, arobaini chini ya sifuri,
wazee walikuja kabla maduka hayajafunguliwa,
kutembea tu. Raundi sita, kilomita tatu.
Bi Halyna na fimbo zake mbili.
Bwana Thorlakson akihesabu raundi kwa maharagwe,
moja likitoka mfuko wa kulia, likiingia wa kushoto.
Wakifika kibandani kwa baba walipunguza mwendo,
wakazitazama saa zote kumi na nne ukutani,
wakaendelea.

Miaka thelathini na mmoja.
Orest Havryliuk, fundi saa: betri, mikanda, vioo,
na kila Novemba muda wa mtaa mzima
ukirudishwa nyuma kwa kidole gumba chenye kovu.
Barua ilimwita "mpangaji wa muda".
Aliisoma kwa ile lenzi ya kazi, jichoni,
huenda kuna kijigurudumu alichokikosa.

Kisha mashine.
Zilitafuna paa kuanzia sinema,
theluji ikaingia ndani kwa mara ya kwanza
ikakaa kwenye eskaleta, ngazi kwa ngazi,
kama abiria.

Supamaketi ilifunguliwa Septemba.
Maputo, wali wa kuonja, foleni hadi maegesho.
Nilimpeleka Jumatano, watu wakiwa wachache.
Samaki hai. Fenesi zima limelala kama ndama.
Mkate mweusi wa kwetu, karibu na mkate wa kila mtu.
Mashine za kulipia zinazokushukuru
hata usipozitazama.

Katika yote ya zamani waliacha nguzo moja,
kwa sababu imebeba.
Baba aliigusa. Akageuka kushoto,
akaanza kuhesabu kwa Kiukraini, chini chini,
akikwepa watoto na vitoroli,
thelathini,
thelathini na moja,
thelathini na mbili. Friza ya njegere.
Akafungua mlango wake wa kioo, akasimama,
ukungu ukimpanda magotini.

"Nikusaidie, mzee?"
Msichana wa aproni ya kijani, kifuani Rowelyn.
"Saa ngapi?"
Sijawahi kumsikia baba akiuliza hilo.
Akatoa simu. "Nne na dakika kumi na saba."
Baba akautazama mkono wake. Kumi na tisa.
Nikangoja avute kile kifundo, arudishe mshale,
jambo nililoliona mara elfu utotoni mwangu,
nimekaa juu ya kreti nyuma ya kaunta.
Hakurudisha.
"Asante," alisema.
"Ufunge mlango tafadhali," Rowelyn akasema taratibu,
"zitayeyuka."

Jioni aliikata kabichi tuliyonunua,
nyembamba, nyembamba, kama karatasi.
Akaonja. Akaweka kisu chini.
Akasema, kama anayekiri kosa dogo mbele ya hakimu:
kabichi yao ni nzuri.