Ukwapi na Utao

Hewa ya Mombasa hula shaba.
Ndiyo maana Fundi Mwanamkuu, kabla ya salamu,
hupangusa kila pini kwa spiriti na kipande cha leso kuukuu,
kisha ndipo huuliza:
Umekuja na pesa, au umekuja na masikio?

Nimekuja na vyote, nusunusu.
Pesa ni gawio la Sacco ya bandarini.
Masikio ni ya karani wa makontena:
la kulia zima,
la kushoto limeliwa na honi na vyuma vya Kilindini
miaka ishirini na mitatu.

Mezani, ghorofa ya pili, Bondeni,
amplifaya mbili.
Hii, asema, marejeo yake ni mamoja.
Kushoto hutoka na waya wake, kulia na wake,
lakini kurudi hupita mlango mmoja
kama wake wenza wa ukumbi mmoja.
Na hii ni ya mizani. Pini nne.
Kila upande una kwenda kwake na kurudi kwake,
sauti na kivuli chake kilichopinduliwa;
uchafu ukiingia, huwaingia wote wawili
wakaufuta wenyewe kwa wenyewe.
Bei akaitaja akitazama dirishani.

Nikatoa kanda.
Harusi ya dada yangu, Kuze, maikrofoni mbili za kukodi:
baba kushoto akitoa ukwapi,
mama kulia akimpokea kwa utao.

     Mwana shika taratibu,     nyumba haitaki pupa
     Neno tamu ni tabibu,     kali hukwama mfupa
     Akikuudhi habibu,     maneno usije lipa
     Mizani huwa mizani,     mkishika pande mbili

Nikavaa hedifoni, zile za bei ya ng'ombe wawili.
Na huu mvumo? nikauliza.
Friji yenu ya Kuze, akajibu.
Umo ndani ya kanda. Hakuna waya wa kuutoa.

Akapima volti, akasawazisha.
Yenye nguvu hupiga kelele, na sikio lapenda makuu;
tusipolinganisha utanunua kishindo ukadhani ni uzuri.
Kijana wake Ghalibu akakaa nyuma ya pazia
akibadilisha, hii, ile, hii.
Mara kumi nikakisia.
Nikapata nne.
Sarafu ingekushinda, asema Mwanamkuu, bila kucheka.

Lakini kabla ya pazia,
kwenye ile ya mizani,
niliapa nimesikia baba amehama.
Mama peke yake, kulia, akipokea shairi
lisilotolewa na mtu.
Na kwenye ile ya mlango mmoja
kama baba kavuja kidogo, upande wangu mzima.

Uvujaji huo? Hata popo hausikii, asema.
Mimi si popo, nikamwambia. Mimi ni mwanawe.

Akanitazama sikio la kushoto, si uso.
Muda mrefu.
Feni ilikuwa imezima, stima zimekatika Bondeni nzima,
tukifanya kazi kwa betri ya gari.

Basi nikasema nilichoona haya kukisema:
Ziunganishe. Pande zote mbili, ziingie hili zima.
Yaani ununue hedifoni hizi
usikie kama redio ya mbao?
Ndiyo.
Akaguna. Akawasha chuma cha kulehemu.
Moshi wa risasi, harufu ya utomvu,
waya mweupe juu ya mwekundu, tone moja la fedha.
Mia tatu hamsini, asema. Amplifaya baki na yako ya zamani.

Nikasikiliza nimesimama.
Ukwapi ukaingia, na utao nyuma yake,
mlango mmoja, sikio moja.
Nikampa Ghalibu naye asikie.
Akafumba macho, akauliza:
Nani huyu anayekohoa katikati?

Nimeicheza kanda hii tangu ujana wangu.
Nikazivaa tena.
Kweli: mstari wa tatu, baada ya habibu,
baba anakohoa,
na mama, aliyejua mizani kuliko sisi sote,
anauchelewesha utao
mpaka amalize.