Mlinzi wa Kivuli

Injinia Chilumba aliniachia funguo, mbao nne ndefu
na karatasi ya kalamu nyekundu:
*Somoe, jua lisiyaone matairi.*
Kisha akapanda ndege kwenda Dodoma,
akaliacha gari-nyumba lake uani, hapa Shangani,
na kitanda chake, na jiko, na mapazia ya maua,
limepambwa kama bibi harusi aliyesahauliwa siku.

Kazi yangu: kulinda kivuli.
Cheka. Hata mume wangu alicheka,
akauliza kama kivuli nacho huibwa.
Huibwa, nikamwambia.
Kila siku, kuanzia saa nne.

Nikapiga jeki, gurudumu moja moja,
nikalaza mbao chini, mpira usilale mchangani.
Nikajaza upepo hadi tairi likaitika kama ngoma.
Nikaosha kwa sabuni na maji, basi.
Jirani akaja na dizeli kwenye kikopo:
"Paka, litang'aa."
Nikamrudishia kikopo chake.
Cha kung'aa leo, kesho huchanika.

Vifuniko nilishona mwenyewe:
gunia la korosho ndani, kiroba cheupe nje.
Si nailoni nyeusi, ile hupika.
Nikavipaka chokaa, vikakauka vikavu kau,
vikinyooka kama kanzu za Idi.

Nilipoinama kuyavisha
nikaona ubavuni tarakimu nne:
wiki ya thelathini na saba, mwaka wa kumi na tisa.
Tairi linajua wiki lililozaliwa!
Mimi nilizaliwa Newala
mwaka ubwiri unga ulipokausha maua ya mikorosho
na watu wakakopa salfa hawakuilipa.
Mwaka gani huo, mama?
"Ule mbaya," anasema, na kugeukia chungu.

Na jua la huku lina miguu.
Desemba linasimama kusini, linalamba upande wa jikoni.
Juni limeshahamia kaskazini,
linaingia kwa barabarani, chini kwa chini,
kama mdai aliyejua mlango wa nyuma.
Hilo karatasi haikulisema.
Nililisoma kwa mgongo wangu,
nikahamisha vifuniko kila jua lilipohama.
Mwezi ukiandama, naita vijana watatu wa bodaboda,
tunalisukuma gari robo ya mzunguko,
tairi lisilalie ubavu mmoja kama mgonjwa.

Miaka miwili.
Mshahara ukaanza kuja kwa mafungu,
kisha ukaja kama salamu.
Niliendelea. Sijui kwa nini.
Labda nilizoea kuwa na kitu
kinachoningoja asubuhi.

Akaja mnunuzi kutoka Lindi.
Akapiga goti, akavua kifuniko taratibu
kama amfunuaye mtoto aliyelala,
akachimbisha ukucha kwenye mpira.
Hakuna ufa. Hata mmoja.
Akauliza kwenye simu, sauti iko wazi:
"Injinia, nani kayatunza haya?"
Na Dodoma ikajibu:
"Kuna mtu pale."

Mtu akatabasamu.
Mtu alikuwa ameshika jeki.

Gari limekwenda.
Zimebaki mbao nne, na chini yake majani meupe
yasiyojua jua ni nini.
Mnunuzi hakuvitaka vifuniko: vinanuka gunia.
Juni imeingia, na shingo yangu
inageuka yenyewe kutazama kaskazini.

Ndipo nikaiona baiskeli yangu ukutani.
Tairi zake zimepasuka nyufa nyufa kama visigino vyangu,
miaka miwili juani,
hatua kumi kutoka kwenye kivuli nilicholipwa kukilinda.

Nikaivika.
Vifuniko vikapwaya, vikaburura chini,
mtoto ndani ya kanzu ya baba.
Nikacheka peke yangu, uani, saa saba mchana.
Kisha nikaketi palepale,
nikakivuta kimoja upande wangu
nikaingiza na miguu.